Aliyemshikia Foleni

Wewe unayemfungia mwanao sanduku la kwenda chuo kikuu, ngoja kwanza. Kalia hilo sanduku, usome haya hadi mwisho, ndipo ulifunge.

Mama mmoja, fundi cherehani, mshonaji wa sare za shule, alifika kwenye geti la bweni la wasichana saa nne asubuhi, siku ya Alhamisi. Mitihani ilikuwa inaanza Jumatatu. Hakuwa amepiga simu, na hilo alilifanya makusudi, maana alitaka kukikuta chumba kama kilivyo, si kama kilivyopangwa kwa ajili yake.

Binti yake wa mwisho, ambaye nyumbani hana jina jingine ila Kiziwanda, alikuwa ametimiza miezi mitatu katika chuo hicho kikongwe cha serikali. Miezi mitatu hiyo mama hakulala usingizi wa kushiba. Mche wa sabuni ambao nyumbani mtoto huyo alikuwa akiufulia mwezi mzima, chuoni ulikuwa unaisha siku kumi. Kila akipiga simu, alisikia mtu pembeni akicheka chinichini. Na alipomwomba binti ampige picha kitambulisho chake cha chuo, bibi yake akione kabla macho hayajamwishia kabisa, jibu lilikuwa lile lile: bado hakijatoka, mama, chuo hiki mambo yake ni ya kobe.

Mama alishakata shauri kichwani mwake. Kuna mwanamume. Mwanamume anayeoga kwa sabuni ya mwanawe na kucheka akiwa amejilaza kitandani kwa mwanawe.

Mlinzi wa geti alikuwa mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi upande mmoja. Mama alimtajia jina la binti yake lote, la mtoto, la baba na la babu, kama lilivyo kwenye cheti. Mzee akapitisha kidole kwenye orodha.

"Yupo. Kumi na saba." Akainua uso kuelekea madirishani. "Kumi na saba! Una mgeni!"

Mama akajitengeneza kitambaa cha kichwa. Mlangoni akatokea msichana mrefu, mwenye mwendo wa mtu asiyeogopa kuchelewa. Hakuwa Kiziwanda. Lakini blauzi ya kijani aliyovaa, mama aliijua hata kabla hajamfikia, kwa sababu ule upindo wa chini alikuwa ameushona yeye mwenyewe mara mbili ili usifumuke.

"Mama! Karibu, mama yangu!" Akamkumbatia. "Umechoka na safari, lete mkoba."

Mama hakuuachia mkoba. "Wewe ni nani?"

"Naishi na Kiziwanda, mama. Ananibeba. Hapa wote wananiita Mwenyeji."

"Mlinzi amemwita binti yangu. Mbona umeshuka wewe?"

"Akiita kumi na saba, anashuka aliye karibu. Kiziwanda yuko darasani mpaka saa saba."

Mzee wa geti aliinua miwani yake akamtazama Mwenyeji, kisha mama. "Kwani si ndiye huyu?"

"Babu naye!" Mwenyeji akacheka. "Ukimpa mbuzi aliyevaa gauni atamfungulia geti."

Mzee akacheka. Mama naye akacheka kidogo, kwa adabu tu, huku jicho lake likiwa bado kwenye ule upindo.

Ni lazima nieleze hapa kubebwa ni nini, maana sisi ambao hatukuvuka darasa la saba hatukuyajua haya. Mabweni ni machache na wanafunzi ni wengi. Asiyepata chumba hulala kwa mwenye chumba, kitanda kimoja watu wawili, mmoja kichwa huku, mwingine kichwa kule. Mwenye chumba ndiye anabeba, mwenzake ndiye anabebwa. Uongozi unakataza, wenyewe wanaendelea. Na anayebebwa hulipa wema huo kwa miguu yake. Hupanga foleni ya chakula bwaloni, hupanga foleni ya vitabu, hupanga foleni ya fomu. Chuo hicho kina foleni ya kila kitu.

Basi saa tatu hizo za kumsubiri Kiziwanda, Mwenyeji alimtembeza mama. Mama alikiri baadaye kwamba hajawahi kutembezwa vizuri namna hiyo na mtu yeyote. Msichana yule alikijua chuo kama mtu anavyojua mikunjo ya kiganja chake. Alimwonyesha saa ya mnara iliyosimama siku wanafunzi walipogomea chakula na kumfungia mkuu wa chuo ofisini na sufuria ya uji. Tangu siku hiyo, alisema, kila mkuu anayekuja anaahidi kuitengeneza. Alimwonyesha ukuta wa ukumbi mkuu wenye picha ya wanafunzi wa kwanza, wanaume thelathini na mmoja wamevaa mashati meupe, na wasichana wawili pembeni kabisa, mmoja amefumba macho.

"Hao wawili hawakuwa na bweni," Mwenyeji akasema. "Walilala kwenye nyumba ya wauguzi miaka yote. Huyu aliyefumba macho alikuja kuwa jaji."

"Wewe unasoma historia?"

"Mimi nasoma kila kitu, mama."

Kwenye jengo la utawala alisimama mbele ya mlango wa mbao nzito, akaushika kwa vidole. "Humu ndimo kilimo Kitabu Kikubwa. Tangu siku ya kwanza ya chuo, kila mwanafunzi anaandikwa humo mara moja tu. Jina, picha ya kubandikwa, sahihi, na dole gumba la wino. Orodha zote na vitambulisho vyote vinatoka humo. Vimeshajaa vitabu saba, hiki ni cha nane. Hakifutwi, mama. Ukishaingia humo umeingia, hata ukifa bado umo."

Mama alimwangalia. Sauti ile ilikuwa ya msichana anayetaja jina la mchumba wake.

"Na Kiziwanda yumo?"

"Yumo. Nilimshikia foleni mimi mwenyewe. Si alikuwa na homa wiki ile ya kuandikishwa?"

"Na picha na dole gumba?"

"Alikuja mwenyewe baadaye kumalizia. Mama, hebu niambie, ni kweli Kiziwanda alizaliwa kabla ya siku zake?"

Hapo ndipo mama alipokosea, na alijilaumu sana baadaye. Ni nani asiyependa kuulizwa habari za mtoto wake? Nyumbani hakuna aliyekuwa akimuuliza. Wateja wanauliza sare zitakuwa tayari lini, baba mtu anauliza chakula kiko wapi. Wakakaa kwenye ngazi za mawe za jengo la utawala, mama akafunguka kama mfuko uliotoboka. Mtoto alizaliwa na miezi saba, wakamfunga kwenye vipande vya flana vilivyobaki kwenye kushona sare. Akiwa na miaka minne aliungua goti kwa pasi ya mkaa. Alikuwa akiogopa bata. Shule ya msingi alikuwa wa pili kila mwaka, nyuma ya mtoto wa mwalimu. Mwenyeji alisikiliza mdomo wazi, akauliza bata walikuwa wa nani, akauliza ni goti lipi.

Kiziwanda alipotokea saa saba na nusu, alimrukia mama yake shingoni hadi kitambaa kikadondoka. Alikuwa amekonda, lakini uso ulikuwa unawaka kwa furaha.

Chumbani mama hakupoteza muda. Aliinama akachungulia chini ya kitanda, akafungua kabati, akanusa taulo.

"Mama, unatafuta nini?"

"Kiatu."

"Kiatu gani?"

"Cha saizi arobaini na tatu."

Wasichana wale wawili walitazamana, wakaangua kicheko hadi Mwenyeji akashika ukuta. Kicheko chenyewe ndicho kile cha kwenye simu. Mama alisikia aibu kidogo, na nafuu kubwa. Hakuna mwanamume. Lakini alipokaa akauona mkeka umekunjwa nyuma ya mlango, na juu yake mto wa Kiziwanda, ule wenye maua aliomshonea.

"Nani analala chini?"

"Mimi," Kiziwanda akasema. "Mwenyeji mgongo unamsumbua."

"Wewe mwenye chumba ndiye unalala sakafuni?"

"Mama, ni kitu cha kawaida."

Mama alingoja mpaka Mwenyeji akaenda bwaloni kupanga foleni ya chakula, akafunga mlango. "Kitambulisho chako kiko wapi?"

"Bado, mama. Mwenyeji amefuatilia, wanasema tutachukulia mlangoni siku ya mtihani."

"Kile Kitabu Kikubwa ulitia dole gumba siku gani?"

Kiziwanda akakunja uso. "Kitabu gani? Sijawahi kuingia ofisi ile. Mwenyeji alinipelekea bahasha nikiwa na homa, akarudisha vyeti vyangu vyote. Alisema yaliyobaki tutaitwa."

"Yeye ameniambia ulikwenda."

"Basi amesahau! Mama, una roho ya kushuku watu. Bila yeye ningepotea hapa. Sisi tuko mia sita ukumbi mmoja, mwalimu hajui sura ya mtu. Yeye ndiye alinionyesha hata choo kiko wapi. Umeshamtafuta mwanaume umemkosa, sasa umemgeukia rafiki yangu."

Maneno hayo yalimchoma mama. Akaenda kulala kwa wifi yake, mtaa wa pili kutoka chuoni. Alisema moyoni labda mtoto ana haki, labda macho ya fundi yamezoea kutafuta mshono ulioruka hata pale usipokuwepo.

Ijumaa asubuhi alirudi na chapati zilizofungwa kwenye gazeti. Alimkuta Kiziwanda peke yake, anakunja mkeka. Hawajamaliza kusalimiana, mlango ukagongwa kwa ufunguo, akaingia matroni wa bweni na daftari kwapani.

Matroni hakumtazama hata mama. Alimnyooshea Kiziwanda kalamu. "Wewe mbebwa, nilisema nini? Wiki ya mitihani sitaki kuona mbebwa kwenye bweni langu. Kusanya vitu vyako."

"Samahani, mama matroni," mama akasema, "huyu ndiye mwenye chumba. Anayebebwa ni yule mwingine."

"Dada yangu, mimi sikisii. Nina orodha na picha kutoka kwa msajili." Akafungua daftari, akageuza upande wa mama.

Mama alisoma polepole, kama asomavyo vipimo. Kumi na saba. Jina la mwanawe. Jina la baba. Jina la babu. Na pembeni ya majina hayo, uso wa Mwenyeji, umechanwa nywele vizuri, unatabasamu.

Akakaa kitandani juu ya zile chapati.

Kiziwanda alisema ni makosa ya mtu wa picha. Alilisema mara tatu, kila mara kwa sauti ndogo zaidi. Alisema Mwenyeji akirudi atacheka kweli kweli. Mama alimshika mkono akamvuta ngazi zote chini, kama alivyokuwa akimvuta kumpitisha penye bata, hadi kwenye ule mlango wa mbao nzito.

Karani wa Kitabu alikuwa mtu wa makamo mwenye vidole vyenye wino wa zamani. Alikuwa amezoea wazazi wanaopiga kelele, kwa hiyo aliwasikiliza huku akinywa chai. Lakini alipofungua ukurasa wenyewe, chai ikawekwa chini. Picha ya Mwenyeji. Sahihi yenye mkia mrefu. Dole gumba jeusi, safi, halina hata doa la kuteleza.

"Wewe ndiye ulibandika?" mama akauliza.

"Ndiyo mimi."

"Hukumwangalia usoni?"

"Nilimwangalia, akafanana na picha aliyoleta. Vyeti vya shule havina picha, mama. Vina jina na alama tu. Foleni ilikuwa ya watu elfu mbili."

Mama alimtazama sana mtu yule. Hadi leo hajajua kama ni uchovu wa foleni tu ulioongea pale, au kulikuwa na neno jingine chini yake.

Karani akawapeleka kwa naibu msajili, bwana mwembamba mwenye sauti ya chini. Aliagiza Mwenyeji atafutwe. Mama alidhani atakuwa ameshatoroka. Wapi! Alikuja kwa mwendo wake ule ule, kitambulisho kikining'inia shingoni. Aliposikia shtaka, hakupandisha hata sauti. Alimgeukia mama, machozi yakamlenga.

"Mama, kweli umefika huku? Kwa sababu ya mchumba tu?"

"Mchumba gani?" mama akasema.

"Bwana msajili, huyu ni mama yangu mzazi. Jana amekuja bila taarifa kutafuta viatu vya mwanaume chumbani kwangu. Muulizeni kama ni uongo. Amenikasirikia, sasa anataka kumweka huyu mbebwa wangu mahali pangu kunikomoa. Mama, mimi ndiye uliyenizaa miezi saba ukanifunga kwa flana ya sare. Mimi ndiye niliungua goti la kushoto kwa pasi yako. Umesahau nilivyokuwa nakukimbilia nikiona bata wa jirani?"

Naibu msajili akamtazama mama. "Ulikwenda kutafuta viatu?"

"Nilikwenda. Lakini…"

"Na hayo ya flana na bata ni kweli?"

"Ni kweli, lakini nilimsimulia mimi! Jana! Hapo nje kwenye ngazi!"

Mama alijisikia akiongea kama mwongo. Kila neno la kweli lililomtoka lilikuwa linamsaidia yule msichana. Kiziwanda alipandisha sketi kuonyesha goti lenye kovu, na Mwenyeji, bila haraka, akapandisha yake: naye alikuwa na kovu, dogo, la kitu kingine, lakini kovu ni kovu. Karani akakohoa. Naibu msajili akavua miwani akaifuta, kama mtu anayetaka watu wote hawa watoke ofisini mwake wakamalizane nyumbani.

Ndipo mama alipovuta pumzi. Aliyomwaga jana kwenye ngazi yalikuwa ya kujivunia yote. Hakuna mama anayekaa kwenye ngazi za chuo kikuu akasimulia aibu yake.

"Bwana," akasema, "muulize huyu. Siku mtoto anaondoka nyumbani kuja huku, baba yake alisema nini mlangoni? Na mimi nilimjibu nini?"

Mwenyeji alisita kidogo sana. "Baba alinibariki. Nawe ulilia."

Naibu msajili akamgeukia Kiziwanda. Kiziwanda aliangalia sakafu.

"Sema," mama akamwambia. "Sema tu, mwanangu."

"Baba hakunisindikiza," Kiziwanda akasema. "Alikuwa anatengeneza mguu wa stuli, hakuinua hata kichwa. Alisema nikirudi na mimba, mlango ule nisiuone tena. Alisema pesa ya nauli ni heri ingenunua… Na mama alikuwa amesimama pale pale, ameshika sanduku langu. Nilimngoja aseme kitu." Akainua macho. "Hukusema kitu, mama. Ulinyamaza."

Mama alitaka kujifunika uso, lakini akaitikia kwa kichwa. "Nilinyamaza. Ndivyo ilivyokuwa."

Mambo hayo mtu hayabuni mbele ya wageni. Naibu msajili alivaa miwani, akapiga simu shule ya sekondari aliyosoma Kiziwanda, akatuma picha za wote wawili. Mwalimu mkuu wa kule hakuchukua dakika kumi. Alirudisha picha ya darasa zima siku ya kumaliza, na Kiziwanda yumo mstari wa pili, amevaa sare aliyoshona mama.

Mwenyeji hakulia wala hakukana tena. Alivua kitambulisho shingoni akakiweka mezani. Ilikuja kujulikana kwamba alifika chuoni miaka mitano iliyopita, akibebwa na binti wa shangazi yake. Yeye mwenyewe alama hazikutosha, na kila mwaka aliomba, na kila mwaka alikosa. Binti wa shangazi akamaliza akaondoka, yeye akabaki, akihama chumba hadi chumba, akikaa kwenye mihadhara ambayo haikuwa yake. Miaka yote mitano alimtafuta mgeni mwenye bahasha na homa. Jumatatu Kiziwanda angefika mlango wa mtihani, angeambiwa hayumo, na nani angemsikiliza? Angerudi nyumbani aonekane ndiye mwongo.

Walinzi walipokuwa wanamtoa, alisimama mbele ya mama.

"Ulinisimulia vizuri jana," akasema. "Mimi hakuna aliyewahi kuniambia nilizaliwaje."

Akatoka. Mama hakujua kama hilo lilikuwa shukrani au kebehi. Hata sasa ukimuuliza, anasema hajui.

Mngedhani yameishia hapo. Hayakuishia. Naibu msajili alifungua ukurasa ule, akauweka mkono juu yake kama anayepima joto la mtoto. Mstari ule umechafuka, akasema. Kitabu hakifutwi, na juu ya mstari hakuandikwi tena. Ni utaratibu wa tangu mwanzo. Mwaka huu Kiziwanda hayumo. Hana mstari, hana kitambulisho, Jumatatu hana mtihani. Aje mwaka ujao na kundi jipya, nafasi yake atamlindia, hilo ataliandika kwa mkono wake.

"Mwaka mzima?" mama akasema. "Kwa kosa la nani?"

"Bahasha ilitoka mikononi mwa nani, mama?"

Mama aligeuka kumtazama Kiziwanda, Kiziwanda akageuka kutazama dirisha.

Walirudi nyumbani pamoja na sanduku. Baba mtu alisikia yote akiwa amesimama, na mara hii alipofungua mdomo mama alimwambia, "Nyamaza wewe. Sasa ni zamu yangu." Kiziwanda alikaa mwaka mzima kwenye mashine ya pili, akishona mifuko ya sare, hasemi sana. Wenzake wakaingia mwaka wa pili, yeye akihesabu vifungo.

Kwa hiyo nakwambia, ndugu yangu, na wala sikwambii kwa mafumbo. Mwanao akiwa na homa, foleni na impite. Nafasi na ipotee. Bahasha yake isiguswe na mkono wa mtu mwingine, hata mkono wenye wema kiasi gani, na zaidi ukiwa na wema. Mwulize ameona kwa macho yake jina lake limeandikwa wapi, picha imebandikwa na nani. Akikuambia una roho ya kushuku, mwambie ndiyo, ninayo. Na wewe mwenyewe chunga mdomo wako unapokaa na mtu anayekusikiliza mno.

Mwaka uliofuata mama alifunga duka siku tatu. Alisimama kwenye foleni ile ya Kitabu Kikubwa pamoja na Kiziwanda tangu asubuhi, bahasha ameibana kwapani kama kipima joto. Watoto walimcheka, wakauliza kama bibi naye amechaguliwa. Jua lilipofika utosini, msichana aliyekuwa nyuma yao, mdogo, mwenye miwani mikubwa na sauti ya upole, alimgusa begani.

"Mama, nenda kakae kivulini na dada. Mimi nitawashikia nafasi. Nikikaribia nitawaita, sina haraka."

Mama alimtazama msichana huyo kuanzia viatu hadi nywele. Huenda alikuwa mtoto mwema wa mama fulani mwema, mchovu kama yeye.

"Shika yako, mwanangu," akasema. "Ya huyu nashika mimi."

Msichana alirudi nyuma hatua moja, uso ukamshuka, miwani ikaingia ukungu.

"Mama, jamani," Kiziwanda akanong'ona, mashavu yanamwaka. "Huyu tutasoma naye darasa moja. Nitakaa naye miaka mitatu."

"Ndivyo huanza."

Kiziwanda alijitenga na mama yake kidogo, urefu wa mkono hivi, lakini hakutoka kwenye mstari. Mbele yao mlango ukafunguliwa, mtu mmoja akaingia. Foleni ikasogea. Wakasogea nayo wote watatu, hakuna aliyemtazama mwenzake.